Alasiri ya mshipi Kigoma: kuvua kando ya miamba bila kuvuka mpaka wa hifadhi

Shemeji yangu wa Tanga alishuka kwenye treni Kigoma na begi moja la nguo na fimbo mbili za kuvulia zilizofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kabla hata ya chai akauliza, "Shemeji, huku maji yanajaa saa ngapi?" Dada yake, yaani mke wangu, alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Swali halikuwa la kijinga. Kwao mvuvi hatoki bila kujua kama ni bamvua, yaani siku za maji kujaa na kutoka sana, au maji mafu, yanapotembea kidogo tu, na nusu ya ujuzi wake ni kusoma maji yanavyoingia na kutoka kwenye mikoko. Ziwa Tanganyika halina habari hiyo. Maji hupanda na kushuka kwa misimu ya mvua, si kwa saa. Lakini usije ukadhani kila saa ni sawa na nyingine. Huku nafasi ya bamvua imeshikwa na vitu vitatu: mwezi, upepo wa mchana na dagaa. Nilimwandikia shemeji haya kwenye karatasi, na sasa nayaandika kwa yeyote anayetaka kutoka saa tisa alasiri, avue kwa mshipi wa mkono kando ya miamba, arudi na kitoweo kabla giza halijakaza. Si mwongozo wa biashara. Anayetaka biashara ya migebuka, samaki wa kuvuliwa usiku, itabidi azoee kukesha.

Mwezi kwanza, mawingu baadaye

Vipe, yale maboti yanayovua dagaa kwa taa, hutoka usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kamili taa hazina kazi: dagaa hawana sababu ya kukusanyika chini ya balbu wakati ziwa zima linang'aa. Siku hizo wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huziba nyufa za mitumbwi, hucheza bao.

Kwako wewe wa mshipi hapo ndipo penye mtihani. Wakati wa giza chambo ni bwerere, dagaa wabichi wanashushwa mwaloni, pale mitumbwi inapotua, kila asubuhi, ila wenye mitumbwi wamekesha na mchana wanalala. Wakati wa mbalamwezi mitumbwi imelala na wenyewe wako tayari kukupeleka kwa bei ya kueleweka, ila dagaa mbichi humpati. Mimi hununua dagaa siku ya mwisho ya giza, nikawatia chumvi, nikatoka nao siku mbili tatu baadaye. Namna ya kuwatia chumvi inakuja.

Baada ya mwezi, msimu. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa kusini unavuma kwa ukaidi na ziwa linaweza kuchafuka siku nzima. Kuanzia Oktoba mvua zinaanza, na pamoja nazo radi na dhoruba za ghafla zinazoshuka kutoka milimani. Mimi napenda Septemba, upepo unapochoka na mvua hazijaja, na zile siku kavu za Februari. Asubuhi ya safari soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambao hutaja upepo na mawimbi ya maziwa makuu. Kisha nenda mwaloni ukamsikilize mzee yeyote aliyekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Wakipingana, mimi hubaki nyumbani.

Halafu kalenda ya serikali. Mwaka 2024 Tanzania ililifunga Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane na kukua. Ziwa hili ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, kwa hiyo mapumziko kama hayo yana maana pale tu majirani nao wanapoyaheshimu. Ukipanga safari kwa miezi hiyo, ulizia kwanza tangazo la mwaka huo linasemaje. Usijipe jibu mwenyewe kwamba "mimi nina ndoano moja tu".

Leseni, na mpaka usiouona

Ofisi ya uvuvi ya halmashauri ndiyo mahali pa kuulizia leseni, na kila mwalo una kikundi chake cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho watu wote wanakiita BMU. Pita kwa mwenyekiti wake, jitambulishe, sema unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Utaratibu huu unakera kidogo ukiwa na haraka, lakini ndio hao hao watakaokutafuta usiporudi.

Suala la hifadhi linahitaji maneno zaidi, kwa sababu majini hakuna uzio. Kaskazini mwa mji, kama kilomita 16, kuna Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Huko ndiko Jane Goodall alikofikia mwaka 1960 kuwachunguza sokwe. Kijiji cha Mtanga kiko kusini yake na Mwamgongo kaskazini. Kusini kabisa, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini, kuna Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, na wengi hawajui kwamba hifadhi hiyo haiishii ufukweni: ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 nao ni sehemu yake. Mtu anaweza kuwa ndani ya mtumbwi, hajakanyaga nchi kavu, na tayari yuko ndani ya hifadhi ya taifa na ndoano mkononi.

Na miamba ya huko inavutia, sitaki kudanganya. Pale ambapo hakuna anayevua, samaki huwa wakubwa na wapole, na baadhi yao hutoka nje ya ukanda. Kwa hiyo vua nje, mbali na mpaka, na uache hifadhi ifanye kazi ya kukulelea. Mwongozo huu umekaa upande wa kusini wa mji, miamba ya Bangwe kuelekea Katonga, ambako hakuna mtu wa kukuuliza ulikuwa unatafuta nini mbele ya sokwe.

Shemeji alipendekeza tuvue mbele ya jengo la zamani la Wajerumani au karibu na meli zilizotia nanga bandarini. Nikamwambia hapana. Bandarini ni kazi ya watu, kuna kamba na nyaya chini, na mafuta juu ya maji.

Plagi za pikipiki

Fimbo zake mbili tuliziacha nyumbani. Fimbo ni nzuri kwa mtu anayerusha kutoka ufukweni, lakini kwenye mtumbwi mwembamba ni fimbo ya kumchoma mwenzako jicho. Chukua mshipi wa nailoni wa unene wa nusu milimita hivi, mita 60 zinatosha, uuzungushe kwenye kipande cha mti mwepesi au chupa ya maji yenye kizibo. Chupa ina faida: ikikuponyoka inaelea.

Mita 60 zinatosha ingawa ziwa lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Kina hicho hakikuhusu. Chini ya mita 200 hivi maji hayana oksijeni, samaki hawaishi huko, na kando ya miamba unavua kati ya mita 5 na 30.

Ndoano chukua za namna mbili. Ndogo kwa ngege na kungura, wenye midomo midogo, na za wastani kwa kuhe na sangara. Kumbuka dukani kwamba kadiri namba inavyopanda ndivyo ndoano inavyopungua ukubwa, na muuzaji mwenyewe wakati mwingine anasahau. Ziguse kwenye ukucha: ndoano inayoteleza juu ya ukucha bila kukwama haijanolewa.

Sasa chubwi, yaani uzito wa kuzamisha mshipi. Hapa ndipo wageni wanapomaliza fedha. Chini ya Bangwe ni mawe juu ya mawe, na kila unaposhusha risasi ya dukani kuna uwezekano wa kuiacha huko. Nenda kwa fundi pikipiki, mwombe plagi zilizokufa. Plagi moja ina uzito wa kutosha kwa maji yaliyotulia, ina shingo ya kufungia, na ikipotea hujalia. Vijana wa mwaloni wanafanya hivyo miaka yote. (Kuacha vyuma ziwani si jambo la kujivunia, jiwe dogo lenye kiuno linafanya kazi ile ile, ila linachelewa kufungwa.)

Namna ya kufunga ndiyo siri ya kuvua kwenye mawe:

1. Plagi inakaa mwisho kabisa wa mshipi, na inafungwa kwa uzi dhaifu kuliko mshipi wenyewe, urefu wa shibiri mbili. Uzi wa kushonea magunia unafaa. Plagi ikinasa kwenye mwamba, ukivuta unakatika uzi huo peke yake. Ndoano na samaki vinapanda.

2. Juu ya plagi, kama mkono mmoja kwenda juu, tokeza tawi fupi la mshipi lenye urefu wa kiganja, ufunge ndoano ya kwanza. Mkono mwingine juu yake, tawi la pili. Matawi yakiwa marefu yatajisokota kwenye mshipi mkubwa na utatumia alasiri kufumua.

3. Fundo la ndoano: pitisha ncha kwenye tundu, izungushe juu ya mshipi mara tano, irudishe kwenye kitanzi kilichobaki karibu na tundu, lowanisha kwa mate, kisha vuta polepole. Mate si ushirikina. Nailoni kavu ikikazwa hupata joto la kujisugua na kudhoofika hapo hapo kwenye fundo, halafu utasema samaki alikuwa mkubwa mno.

Shemeji alifunga fundo la kwao, lenye mizunguko saba na mkia wa kurudi ndani. Likashika vizuri kuliko langu. Basi, fundo lako likishika, baki nalo.

Jambo moja zuri la ziwa kwa mtu wa baharini: maji si ya chumvi, hivyo zana zako hazitaliwa na kutu wiki hiyo hiyo. Zikaushe tu.

Alasiri inaanzia Kibirizi asubuhi

Ukinunua chambo saa nane ukielekea kupanda mtumbwi, umechelewa. Fika mwalo wa Kibirizi mapema, dagaa wakiwa bado wanang'aa kama vipande vya bati, kabla hawajamwagwa kuanikwa. Huhitaji fungu kubwa. Mama mmoja aliyenizoea hunipimia kwa kikombe na kusema, "Haya baba, hawa ni wako na wa samaki wako." Chagua walio wazima, macho meupe yasiyo mekundu, tumbo halijapasuka.

Nyumbani watandaze juu ya gazeti, nyunyiza chumvi ya mawe kiasi cha kuwafunika kama umande, waache kivulini nusu saa, mwaga maji yaliyotoka, halafu nyunyiza tena kidogo na kuwafunga kwenye kitambaa. Chumvi inakaza nyama. Dagaa asiyetiwa chumvi anageuka uji kwenye ndoano baada ya dakika tano, na samaki wadogo wa miambani, ambao ni wengi kuliko nzi, wanamnyonya wakuachie ndoano tupu. Aliyetiwa chumvi anadumu siku mbili tatu kama hali si ya joto kali, au wiki kwenye friji ikiwa mwenye friji anakupenda.

Kumvalisha: ingiza ncha ya ndoano mdomoni, itokezee kwenye shavu, izungushe, irudi kwenye mgongo karibu na mkia, ncha ibaki nje kidogo. Dagaa akae amenyooka. Akijikunja atazunguka majini kama feni na samaki mwenye akili atamkimbia.

Kwa ngege beba ugali mgumu wa muhogo uliofinyangwa na mafuta kidogo ya mawese. Harufu yake inaenea na unashika kwenye ndoano kuliko wa mahindi. Nyungunyungu pia wanafaa, wachimbwe pale maji ya kuogea yanapomwagika. Ila usiteke vifaranga vya samaki ufukweni kwa chandarua ili upate chambo. Ni kosa kisheria, na hata kama hakuna anayekuona, hao ndio uliotaka kuja kuwavua mwakani.

Chombo

Mtumbwi wa mbao wa watu watatu, makafi mawili, jiwe la nanga na kamba ya kutosha, kopo la kuchotea maji yanayoingia, kisu, na jaketi okozi kwa kila mtu, limevaliwa, halijakaliwa. Simu ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Kofia yenye ukingo mpana. Maji ya kunywa kuliko unavyodhani.

Aliyetupeleka ni babu mmoja wa Katonga ambaye amevua tangu ujana wake na sasa anasema mgongo umestaafu ila mikono bado. Tulimwamkia, "Shikamoo babu," akajibu, "Marahaba, wajukuu zangu. Nani kati yenu anajua kuogelea?" Shemeji akainua mkono kwa fahari. Babu akalitazama jaketi alilolikalia, akamwambia, "Wanaojua ndio tunaowaokota."

Pa kutia nanga

Toka saa tisa hadi tisa na nusu. Joto linaanza kulegea, na upepo wa kutoka ziwani kuja nchi kavu, ambao huamka mchana jua likishachemsha ardhi, unakuwa umeonyesha sura yake: ukiwa mkali utaujua kabla hujatoka. Tena Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi huku ikitumia saa zile zile za Dar es Salaam, hivyo jua huzama huku karibu na saa moja jioni. Una saa tatu na zaidi za kuvua, zawadi ambayo mtu wa Tanga haijui.

Usitafute kina, tafuta mpaka: pale mwamba unapokutana na mchanga. Maji ya Tanganyika ni maangavu, siku ya utulivu unaona chini mita kumi na zaidi, kwa hiyo inama ukingoni, kinga macho kwa mikono, uangalie. Mawe meusi yanakoma, mchanga mweupe unaanza, na juu ya mstari huo samaki wanapita kama watu kwenye njia ya sokoni. Ngege na kungura hula kando ya mawe. Kuhe, yule wa manjano mwenye madoa ubavuni, anayetajwa kuwa mkubwa kuliko wote wa jamii yake duniani, huzunguka juu ya mchanga akiwinda. Sangara wanakaa chini zaidi, kwenye vivuli vya mawe makubwa, na hupanda kadiri mwanga unavyopungua.

Kuna kosa la kivuli. Pwani yetu inatazama magharibi. Ukivua juu ya mwamba ufukweni, jua la alasiri liko usoni pako na kivuli kinaanguka nyuma; samaki hawakuoni vizuri ila nawe huoni kitu kwa mng'ao. Ukiwa kwenye mtumbwi nje ya miamba, kivuli chako na cha mtumbwi vinaanguka upande wa nchi kavu, yaani juu ya samaki wenyewe. Basi usitie nanga karibu sana. Kaa mbali kidogo, mtumbwi ukiwa umeelekezea pua kwenye upepo, na urushe kuelekea kwenye mawe.

Nanga ishushwe, isitupwe. Jiwe likipiga mwamba chini, kila kitu kinatawanyika na utasubiri robo saa ukila karanga. Najua, kwa sababu nililitupa mimi, na babu hakusema neno, alifungua karanga tu.

Kidole

Shusha mshipi taratibu mpaka usikie plagi inagusa. Itakuambia: kwenye mchanga ni "puf" laini na mshipi unalegea, kwenye mwamba ni mgongano mdogo unaofika mpaka kwenye kiwiko. Inua shibiri mbili. Mshipi ukae juu ya kidole cha shahada, mkono mwepesi, macho popote unapotaka, kwa maana kazi sasa ni ya kidole. Usiuzungushe mkononi hata kidogo. Nina mstari mweupe chini ya kidole gumba cha kulia tangu siku nilipojifunga mshipi ili niwashe simu, na sangara akaamua kurudi kwake.

Wale wadogo wanagonga kama mtu anayebisha hodi kwa kucha, tik tik tik. Waache. Ukivuta kila ukisikia hodi, utamaliza chambo hujapata hata harufu. Ngege anabonyeza, anaachia, anabonyeza, kisha mshipi unalegea kidogo kwa sababu ameinuka na chambo. Hapo ndipo pa kuvuta, wakati wa ulegevu, jambo linalowashinda wengi kwani akili inasubiri uzito. Kuhe habishi hodi. Anakwapua na kukimbia pembeni, na unachotakiwa ni kuwa tayari kuachia mita tatu nne kabla hujamgeuza. Sangara ni uzito tu, kama umenasa gunia, halafu gunia linatikisa kichwa.

Shemeji alikosa kuumwa saba za kwanza. Alikuwa anavuta kibaharini, kwa mkono mzima kwenda juu, kama mtu anayewasha jenereta. Babu akamshika kifundo, akamwonyesha: geuza kiganja tu, kama unavyofungua kitasa. Ya nane akapata kungura wa kujaa kiganja. Akamshika kwa mikono miwili.

Ukishampata, mpandishe kwa mwendo mmoja usiokatika, mshipi ukianguka miguuni kwa mizunguko na si kwenye mikono. Lowanisha mkono kabla ya kumshika yule unayetaka kumrudisha, maana mkono mkavu unamvua ute wake. Wadogo warudishwe. Na ukiona kuhe wawili wakubwa wamesimama mahali pamoja juu ya mchanga bila kuondoka, huku chini yao kuna kitu kama moshi unaocheza, hao wanalea. Moshi ule ni watoto wao. Ukimtoa mzazi mmoja, samaki wengine wanaowazengea watamaliza kundi lote mbele ya macho yako. Hama.

Kuanzia saa kumi na mbili mambo hubadilika. Hodi za wadogo zinapungua, wanarudi mawe kwa mawe kulala. Badilisha ndoano, weka kubwa, weka dagaa mzima, sogeza mshipi chini zaidi. Nusu saa hiyo ndiyo iliyonitoa nyumbani. Tuliketi kimya, milima ya Kongo ng'ambo ikageuka rangi ya zambarau, na kidole cha shemeji kikaanza kutetemeka kabla hajasema kitu. Alikuwa kuhe. Aliachia mita nne, akamgeuza kwa kitasa, akampandisha. Babu alisema, "Huyo anatosha watu wanne," nasi tulikuwa watano nyumbani.

Wenyeji wengine wa majini

Kwenye miamba yetu anaishi nyoka wa maji, jamii ya swila, anayekula samaki. Ana sumu kali na hana shari. Atapita akaenda zake. Lakini ukining'iniza samaki kwa kamba majini kando ya mawe, umemwekea meza. Weka samaki ndani ya mtumbwi, chini ya gunia lililoloweshwa.

Jioni unaweza kunasa kambare mnene, laini, mwenye rangi kama ya matope na madoa, ambaye hana miiba ila anatoa umeme. Usimshike, wala usimkanyage na mguu uliolowa. Kata mshipi, poteza ndoano. Pigo lake haliui mtu mzima mwenye afya, lakini kuruka ndani ya mtumbwi mwembamba ni jambo jingine.

Mamba na viboko wapo zaidi kwenye midomo ya mito, kama Luiche kusini mwa Ujiji na Malagarasi. Huko usiende na mtumbwi mdogo jioni, hata ukisikia kuna samaki wenye meno ya mbwa wanaokata nailoni kama uzi. Na usisimame muda mrefu kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono: kichocho kipo, na ukirudi nyumbani ukaona mkojo una damu, dawa yake inapatikana hospitali, prazikwanteli, usiipitie kwa mganga.

Kurudi

Weka saa ya kurudi kabla hujatoka, na isibadilishwe na samaki. Sisi ni jua likigusa mlima. Kuna mambo mawili ya kukurudisha mapema zaidi: mistari meusi juu ya maji upande wa kusini inayokuja haraka, na baridi ya ghafla shingoni wakati hewa ilikuwa ya joto. Ukiona mojawapo, pandisha nanga kwanza, kunja mshipi baadaye. Wakati fulani nilifanya kinyume, nikakunja mshipi vizuri kabisa, na tukapiga kafi saa nzima kwa umbali ambao tulikuja kwa dakika ishirini, mwenzangu akichota maji bila kusimama.

Wakati unarudi, vipe vinatoka. Vinakwenda kwa injini, vijana wamesimama, taa bado hazijawashwa, na wao hawakuoni. Kaa karibu na nchi kavu, washa tochi ya simu uielekeze kwao, sio machoni.

Samaki mchane tumbo kabla hujafika nyumbani, kwani joto la Kigoma halisubiri. Kuhe mkate mapande, mpake chumvi na ndimu, mkaange nusu. Kisha mawese kwenye sufuria mpaka yaanze kutoa harufu, kitunguu, nyanya, pilipili nzima usiyoipasua, mapande juu yake, moto mdogo. Ugali wa muhogo, na kisamvu, ambacho huku tunakiita sombe. Kungura usihangaike naye kumtoa miiba. Mkaange akauke, ule na miiba yake.

Siku hiyo tulipata kungura sita, ngege wawili na kuhe mmoja, tukapoteza plagi nne na ndoano moja ya kambare. Jumatatu asubuhi shemeji alikwenda mwenyewe kwa fundi pikipiki wa Mwanga, hapa mjini, akarudi na plagi kumi na moja ndani ya kopo la rangi.